Siku Mama Alipomwita Babu kwa Jina

Ilianza Jumamosi ya likizo ya mwezi wa sita, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, baba alipozima gari juu ya korongo akasema, "Haya, tumefika. Kila mtu avae sweta lake." Saa naikumbuka kwa sababu njia nzima nilikuwa naikodolea ile ya kwenye dashibodi ili nisimtazame mama. Alikaa nyuma ya kiti cha babu, kajifunika kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, kajikunja upande wa mlango kama mtu aliyepanda gari bila ruhusa.

Babu ni baba yake baba. Wiki ile alikuwa amekuja kwetu Kihesa, hapa Iringa, kutoka Tukuyu ili Jumatatu atolewe mtoto wa jicho hospitali. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa. La kulia, alisema mwenyewe, lilikuwa linaona maziwa. Daktari alishamwambia baba kwamba likiachwa tena na lenyewe litafunga.

Kwetu sisi Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamsogelei baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, hali naye, hakai alikokaa, akikutana naye njiani anapinda pembeni. Na jina lake halitamki mpaka anaingia kaburini. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, wanapiga hadi picha pamoja kwenye harusi. Mama hajaacha. Amelelewa na bibi yake, na bibi yake hakuwa mtu wa mchezo.

Kwa hiyo siku zile nyumbani kulikuwa na pazia kati ya jikoni na sebuleni, na mimi ndiye niliyekuwa njia. Mama anasema akiwa jikoni, "Mwambie babu yako maji ya kuoga tayari." Babu amesikia, nyumba nzima imesikia, lakini lazima niingie sebuleni niseme, "Babu, maji ya kuoga tayari." Babu anasema, "Mwambie nimeshukuru." Narudi jikoni. Mama anaitikia kwa kichwa kabla sijafungua mdomo, na bado nasema, "Ameshukuru." Mimi ni mtu ambaye darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linaganda shingoni mpaka mwalimu anahamia kwa mwingine. Kazi ile haikunisumbua. Maneno yalikuwa ya watu wengine, mimi nayabeba tu.

Wazo la kwenda korongoni lilikuwa la baba. Alisema babu ayaone mawe ya huko wakati bado ana jicho la kuonea, maana operesheni ni operesheni. Akaazima gari la jirani, akamlazimisha mama naye aje. "Tangu tuhamie Iringa hujawahi kufika hata hapo," alimwambia. "Korongo ni kubwa, hamtagusana."

Ukishapita Ipogolo, ukashika barabara ya Mbeya halafu ukaiacha, nchi inakauka ghafla. Mvua zilikuwa zimekatika siku nyingi. Udongo ni mwekundu, miiba imejaa vumbi, na upepo wa baridi unakupiga na mchanga kwenye meno. Halafu ardhi inapasuka mbele yako, na ndani ya ule mpasuko zimesimama nguzo. Ni za udongo uliogeuka kuwa mawe, ndefu kuliko nguzo za umeme, chini nyekundu, katikati rangi ya unga wa ulezi, na karibu kila moja ina jiwe jeusi kichwani kama kofia. Nilizitazama nikahisi nimeingia kwenye kikao cha watu wazima bila kubisha hodi.

Kuna mama wa Kihehe wa kijiji cha hapo anayewatembeza wageni. Alikuja amevaa buti za mvua, eti kwa ajili ya nyoka. "Kamwene," alitusalimu, kisha akamwangalia babu. "Na huyu mzee ni wa wapi?"

"Tukuyu," babu alijibu.

"Ah, watani. Pole sana. Mmezoea matope, leo mtakula vumbi."

"Mama," babu akasema taratibu, "toka Ipogolo mpaka hapa sijasikia mbwa hata mmoja akibweka. Mmewapeleka wapi?"

Yule mama alicheka mpaka akashika magoti, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Baba naye. Hata mama, ambaye alishashuka na kusimama nyuma ya gari, niliona kitenge kinatikisika.

Halafu yule mama wa Kihehe akatusimulia. Zamani, mwaka wa ukame, palikuwa na ukoo hapo bondeni, wana kisima. Akapita mzee mgeni, ana kiu, akasimama katika kila nyumba anaita hodi. Waliokuwa ndani wakanyamaza, maji yasije yakaisha. Alipofika nyumba ya mwisho akasema, basi, kaeni hivyohivyo na kimya chenu. Wakawa mawe. Lakini mzee naye hakupata wa kumjibu, kwa hiyo na yeye hakuweza kuondoka. Ile nguzo kubwa kuliko zote, iliyoinama kidogo, ndiye yeye. Kila anayeingia korongoni lazima amwite "Babu", kwa sauti, na atamjibu. "Usipomwita," alisema yule mama, "unaondoka na kiu isiyoisha."

Kisha akarudi kupokea wageni wengine. Mama yangu alipitia njia ya chini, inayoshuka mpaka katikati ya nguzo. Sisi na babu tukabaki njia ya juu, ukingoni, kwa sababu ya miguu yake. Babu alikuwa amenishika bega. Aliniuliza rangi ya kila kitu, nami nikamwambia, na kwa babu nikizungumza sauti hainiishii. Baba akakumbuka fimbo ya babu imebaki kwenye gari. Alitukalisha kwenye jiwe, hatua chache kutoka ukingoni, akaenda.

"Mke wangu," babu akaniambia, ndivyo anavyonitania, "shuka na wewe ukamwite huyo mzee mwenzangu. Usije ukaondoka na kiu kwa ajili yangu."

"Baba kasema tukae."

"Mimi ninakaa. Nitaenda wapi, mimi na maziwa yangu?"

Nikashuka.

Chini nilimkuta mama amesimama mbele ya ile nguzo iliyoinama. Kitenge kilikuwa kimeshuka mabegani. Nilikuwa sijauona uso wake wote tangu babu aje, na niliona amependeza. Wakati huohuo wakaingia wanafunzi wa shule ya msingi, wamekuja matembezi, darasa zima na zaidi, wote wakaanza kuita. "Babuuu!" Na korongo linajibu, buuu, buuu. Wanacheka, wanaita tena.

Niliinua macho. Babu alikuwa amesimama.

Mwanzoni nilidhani anajinyoosha. Kisha akatanguliza mkono, akapiga hatua, na uso wake ulikuwa na lile tabasamu la mtu mwenye adabu anayeitwa na watoto. Alikuwa anawaitikia. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye sauti, na sauti ilikuwa inatoka huku chini kwetu, na kati yetu na yeye hapakuwa na kitu, hewa tu.

Nilipiga kelele. Naandika hivyo lakini nadhani nilichotoa hakikufika hata kwa mwanafunzi aliyekuwa karibu. Nilisema, "Babu, simama!" Neno lenyewe lilikuwa ndilo wanaloimba watoto wote, likamezwa humohumo. Nikarudia. Babu akapiga hatua nyingine. Udongo ulianza kumeguka miguuni kwake, ukadondoka ukutani kwa mlio kama wa mchele unaomwagwa.

Hapo nikasikia jina langu la ukoo.

Lilitoka nyuma yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nene, imenyooka, na nikageuka haraka nikidhani naitwa mimi. Sikuwa mimi niliyeitwa. Jina langu la tatu ni la babu. Nilipokuwa mdogo, tukienda kliniki, nesi akifika kwenye jina la tatu mama alikuwa ananigusa mgongo nilitaje mwenyewe. Miaka yote nilidhani ananifundisha nisiwe na aibu.

Mama alikuwa amekitupa kitenge chini. Anamtazama babu, usoni, macho kwa macho, na anamwita kwa jina lile kavu, bila baba, bila mzee, bila shikamoo, kama unavyomwita mtoto aliyepanda mti mbovu. Mara ya pili. Halafu, "Simama hapohapo! Usiinue mguu! Kaa chini!"

Babu akasimama. Mguu wa kulia ulikuwa umeshanyanyuka, akaurudisha nyuma. Akakaa chini, palepale, miguu ikining'inia kwenye ukingo.

Watoto walikuwa wamenyamaza wote. Korongo lilikuwa bado halijanyamaza. Lilikuwa linalirudisha jina la babu kwa sauti ya mama, nguzo kwa nguzo, mpaka mwisho kule.

Sijui nisemeje nilivyojisikia. Kilichonishtua siyo kwamba babu nusura afe, hilo lilinijia baadaye, nikiwa naoga. Kilichonishtua ni kwamba mama analijua lile jina. Yaani alikuwa nalo mdomoni siku zote.

Baba alifika mbio na fimbo, akamvuta babu nyuma kwa kwapa. Huku chini mama alikuwa amechuchumaa, ameligeukia jiwe, kitenge amekiokota na kujifunika upya kichwa chote. Nilimgusa. Akakivuta kitenge zaidi.

"Nani ameniita?" babu aliuliza kutoka juu. Hakuuliza kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia.

Baba alichungulia, akamwona mama alivyojikunja. "Ni mama yake huyu mtoto."

Babu akapangusa vumbi kwenye suruali, goti moja, kisha la pili. "Nipeleke nyumbani," akasema.

Mama hakurudi na gari. Alipanda mpaka barabarani kwa mguu, akachukua bodaboda. Sisi tulienda na gari mpaka Ipogolo, kwenye stendi ya mabasi.

"Kesho asubuhi unilete hapa," babu akamwambia baba. "Nirudi Tukuyu."

"Baba, Jumatatu ndiyo daktari."

"Nimesikia."

"Jicho litafunga."

"Nitaketije kwenye nyumba ambayo mkwe wangu ameniita kama mtoto? Na yeye ataketije?" Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeelewa. Alisema kama anayeeleza kwamba mto umejaa na daraja hakuna.

Jioni nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi, amekaa kwenye kigoda, mgongo umeelekea pazia. Alikuwa analia bila sauti.

"Nimemvunjia heshima mzee," alininong'oneza. "Angeanguka ningelia. Sasa hajaanguka, na bado nalia."

"Mama, ungefanyaje?"

"Ningefanya vilevile. Ndiyo maana nalia." Akadondosha ndizi kwenye maji. "Bibi yangu alisema neno hilo likitoka halirudi, lazima nyumbani kwetu wapeleke kuku na maneno ya kuomba radhi. Na babu yako anaondoka kesho. Atapelekewaje, akiwa haoni hata kuku mwenyewe?"

Baba aliingia akatoka, akaingia akatoka. Aliongea na babu kwa Kinyakyusa mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alitikisa kichwa tu. Mfuko wa babu ulikuwa umeshafungwa, uko karibu na mlango wa mbele, na kofia yake juu yake.

Asubuhi ya Jumapili niliamka nikafagia uwanja, nikachemsha maji, kama kawaida. Babu alikuwa ameketi sebuleni, amevaa koti la safari, jicho lake la maziwa limeelekea dirishani. Baba alikuwa nje anapasha gari joto. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Chupa ya chai ilikuwa kwake, na mihogo ya kuchemsha.

"Mwambie babu yako," mama akaanza. "Mwambie chai ipo."

Nikaingia sebuleni. "Babu, chai ipo."

Babu hakusema ameshukuru. "Mke wangu," akasema, "yule aliyeniita jana ana sauti nzuri. Jina langu sijalisikia likiitwa hivyo tangu mama yangu afe. Wote waliokuwa wanaliita wamekwisha." Akajipapasa magoti. "Usiku wote nimelisikia. Nimefikiri, huyu mwanamke amebeba mwiko wake mpaka ukingoni, akauweka chini, akanibeba mimi. Kuku nitamla. Walete tu. Lakini kwanza nenda ukamwambie, aliyeniita nisife, aniite na kwenye chai."

Niligeuka niende, mazoea. Pazia lilikuwa hatua chache tu. Nilikiona kivuli cha mama nyuma yake, kimesimama, hakitikisiki. Alikuwa amesikia kila neno, kama siku zote alivyokuwa anasikia kila neno.

Nikahisi kama nimeitwa mbele ya darasa. Nikamgeukia babu.

"Babu," nikasema, na sauti ilitoka nzima, "mama amesikia."

Sikubeba kitu. Nilikwenda karibu na mlango wa mbele, nikauchukua ule mfuko pamoja na kofia, nikaurudisha chumbani kwa babu, juu ya kitanda. Nikatoka nje kupitia uani. Nilimwambia baba azime gari. Akaniangalia, akazima.

Tukasimama pale uani wawili, na kwa sababu gari lilikuwa limezimwa tulisikia. Mama, kwa sauti ndogo, ya kawaida, kutoka nyuma ya pazia lililofungwa:

"Chai ipo, baba."

"Nimesikia, mwanangu," babu akajibu.

Pazia halikufunguliwa. Mkono ulipita pembeni yake ukaweka kikombe mezani, nilikiona kupitia dirishani, na mkono wa babu ukakitafuta polepole mpaka ukakipata. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia uwanja nilioufagia tayari.