Breki za Bwana Thuwaini

Nilizabwa kibao mbele ya soko la Ngamiani, hapa Tanga, kwa sababu ya breki ambayo haikuvuja hata tone.

Ilikuwa mwaka 1956. Naitwa Uweso, fundi gari. Leo nimepita miaka tisini na anayebonyeza simu ni mjukuu wangu Chiku, lakini hasira ni zangu mwenyewe.

Aliyenizaba ni Bwana Thuwaini, mwenye mashamba. Alikuwa na gari kuukuu, la kabla ya vita. Jumanne aliniletea, paipu ya breki inavuja kwenye gurudumu la nyuma.

"Zungushia uzi na sabuni, inatosha," akaniambia.

Nikakataa. Uzi na sabuni kwenye breki, jamani? Nikakata paipu mpya ya shaba, nikaupanua mdomo wake taratibu ukae sawa ndani ya nati, nikakaza, nikatoa upepo wote. Kisha nikalala chini ya gari na kitambaa cheupe, nikapangusa kila kiungo. Kitambaa kikatoka kikavu.

Alhamisi gari likapanda mlima wa Amani, likalala huko. Ijumaa asubuhi gari lile lile likakataa kusimama kwenye kona za mlimani, likaingia mtaroni. Bibi Fakhria, mama yake Bwana Thuwaini, akavunjika mguu.

Ndipo nikala kibao.

"Umetaka kuniulia mama yangu! Kesho nakupeleka polisi!"

"Nipeleke kwanza kwenye gari," nikamjibu. "Lisiguswe, lisivutwe. Nati yangu ikiwa imevuja, nifunge jela."

Watu wa sokoni nao wakadakia. "Fundi gani huyo? Bora akauze mihogo!"

Wateja wangu hao! Juzi tu walikuwa wananiita bingwa. Nilitamani niwatandike mmoja mmoja.

Jumamosi asubuhi tukawa Amani. Ilikuwa Julai, baridi inauma masikio. Nikajitupa chini ya gari na kitambaa changu.

Nati kavu.

"Haya, njoo uone! Iko wapi inayovuja?" nilifoka, heshima zote nimezisahau.

Nikakanyaga breki. Pedeli ngumu kama jiwe, haishuki. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Ndani kweupe pe, yameganda. Nikachovya kidole, nikanusa.

Mafuta ya nazi.

Kwetu pwani kuna joto, yanabaki maji. Kwa baridi ile ya mlimani yaliganda usiku kucha, nguvu ya pedeli isifike magurudumuni.

"Nani katia nazi humu?" nilipiga kelele mpaka wachuma chai wakageuka.

Msafiri, dereva wa Bwana Thuwaini, akanivuta kando.

"Uweso, ndugu yangu, Alhamisi niliona mafuta hayajajaa kwenye kikopo, nikatia ya Bibi, ya nywele. Si wewe ulinionyesha? Mwaka jana ya breki yalipoadimika mjini, ulinitilia nazi kwa mkono wako. Ukaniambia mafuta ni mafuta."

Ni kweli nilisema, na nilikuwa nimesahau kabisa.

Bwana Thuwaini akatufuata. "Ni nani?"

Msafiri akanitazama. Nilijua anachosubiri.

Nikainama, nikajifanya naangalia gurudumu.

"Ni mimi, Bwana," akasema Msafiri. Hakunitaja.

Alifukuzwa kazi pale pale, akateremka mlima kwa miguu. Mimi nikaombwa radhi mbele ya watu, na tangu siku ile gereji yangu haikukosa gari.

Baadaye nilisikia Msafiri anaishi kijiji cha Mwera, analima. Tanga na Mwera si mbali. Sikwenda, mpaka nikaletewa habari kwamba amezikwa. Najichukia kwa hilo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Nyie mafundi mnaosoma hapa, nawaambia kwa ukali: mkimwonyesha mtu namna ya kulipua kazi siku ya shida, ataifanya tena siku ambayo hampo. Yakiharibika na mkaulizwa nani, semeni.