Moto wa Asubuhi ya Kipimo

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama alikuwa anachoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, kwenye baa moja karibu na ufukwe. Mwaka jana akaanza kukohoa mbele ya wateja, na bosi akamwambia alete karatasi ya daktari inayosema mapafu yake ni mazima, la sivyo atafute kazi kwingine.

Wiki hiyo hospitali ilikuwa imeletewa mashine ya kupima mapafu, ya wiki moja tu kisha iende kwingine. Unavuta hewa yenye chembe kidogo ya monoksidi ya kaboni, unazuia pumzi sekunde kumi, unaitoa. Gesi iliyopungua ndiyo iliyopenya mapafuni ikaingia kwenye damu. Ikipenya kidogo, mapafu yana shida. Tukaambiwa asikaribie moto wa makaa tangu siku moja kabla, maana makaa yanatoa gesi ileile, na damu iliyokwisha kuibeba haipokei vizuri nyingine. Nilikuwa nimeyasoma hayo darasani. Nikamweleza mama kwa Kinyarwanda, akasema sawa.

Asubuhi ya kipimo bosi akapiga simu: kuna harusi, aje awashe moto. Akaenda. Saa nne tulikuwa hospitali, amebadilisha kitenge, amejipaka mafuta ya kunukia.

"Mama, hukukaa kwenye moto leo?" mpimaji akauliza.

"Hapana, docta. Moto gani? Mi natoka kwa kitanda."

Akanifinya goti. Nikatazama viatu vyangu. Ndivyo nilivyo, hata darasani jibu ninalolijua hunifia mdomoni.

"Vuta... zuia, zuia... toa!"

Karatasi ikasema gesi imepenya kidogo mno. Tukampelekea bosi, akaisomea palepale kwenye moto aliomwitia mama asubuhi.

"Bon, mama, afya kwanza."

Kesho yake alikuwepo mchomaji mwingine.

Nyumbani nikasema, "Ni ule moto wa asubuhi, mama."

"Na we mdomo yako ilikuwa wapi?"

"Ulinifinya."

"Nilikufinya goti. Sikukufunga mdomo."

Nilikasirika mpaka nikalia, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye ndiye aliyedanganya.

Mashine iliondoka. Kama mapafu yake ni mabovu au ni moto ule tu, hatujui. Sasa anapika maharage ndani kwenye jiko la makaa, anakohoa, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua. Naufungua.

"Baridi!" anasema, anaufunga.

Nami, nikijua gesi ileile inajaa ndani, nanyamaza tena.