Rafu Iliyokosa Viatu

Shule niliishia darasa la tano. Lakini pita leo kwenye magodauni ya barabara ya Mombasa, ukiona rafu ya chuma imebeba mizigo hadi darini na haitikisiki, uliza ni ya nani. Wengi watanitaja mimi. Nilianza na mashine ya kuchomelea ya kuazima, mlangoni pa duka la mtu hapa Machakos mjini. Siku hizi wahandisi wenye vyeti hunisubiri nifike ndipo wakunjue ramani zao. Ramani naisoma, sikatai, ila kwanza naigonga nguzo nikaisikiliza.

Sasa kuna mama mmoja wa Masii, mjane aliyenizidi umri, mwenye stoo ya nafaka. Akina mama wa kikundi chao walikuwa wamemwachia mbegu zao zote za ndengu awawekee hadi siku ya kupanda. Magunia yakikaa sakafuni, panya na unyevu havikuyaacha. Nikamjengea rafu ile ile ninayowajengea matajiri.

"Mama, hii hata ndovu apande juu alale," nikamwambia.

"Ndovu sina," akajibu. "Niko na mbegu za watu."

Mvua ya kwanza ilinyesha kabla hawajagawana. Asubuhi yake simu ikalia.

"Fundi, rafu yako imeinama kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani."

"Umeijaza kupita kiasi, mama."

"Ni magunia yale yale uliyoyapanga wewe mwenyewe. Njoo."

Nilienda na hasira, maneno nimeyapanga njiani. Nilipoingia stoo nikayasahau yote. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango na kutanda sakafuni. Nguzo moja ya nyuma ilikuwa imetoboa saruji na kuzama kwenye udongo mweusi, kina cha kiganja kizima. Rafu yote ililalia upande huo, magunia ya juu yakining'inia ukingoni. Yakianguka, yanaanguka majini, na ndengu ikilowa huchipuka humo humo guniani. Mbegu nyingine wale akina mama hawakuwa nayo, na mvua ndiyo hiyo imeshaanza.

Watatu wao walikuwa wamesimama mlangoni. "Ndiye huyu wa ndovu?" mmoja akauliza. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Yule mjane hakucheka pia. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwenu hakukuwa na ikumbi?"

Ikumbi ni ghala letu Wakamba la nafaka, linaloinuliwa kwa miguu ya miti.

"Lilikuwepo, mama."

"Na miguu yake ilisimama juu ya nini?"

Nikainama kuitazama ile nguzo iliyozama. Kila mguu wa ikumbi la mama yangu ulisimama juu ya jiwe bapa, na mimi ndiye niliyeyabingirisha mawe yale kutoka mtoni. Godauni huwa na zege nene, nguzo zangu zilizoea kusimama hivyo hivyo, miguu mitupu. Hapa palikuwa na saruji nyembamba kama chapati juu ya udongo. Mimi mgonga nguzo, sakafu sikuigonga hata mara moja.

Nilivua shati. Tulishusha magunia kuanzia juu, moja moja, tukayapanga juu ya mabenchi tuliyoazima kanisani. Yule mama aliyeuliza habari za ndovu alishika upande wake wa gunia bila kuhema, mimi nilihema. Kisha nikaiinua nguzo kwa jeki, nikachomelea kibao kipana cha chuma chini ya kila mguu, na chini ya kila kibao tukaweka jiwe. Hakuna rafu yangu iliyotoka karakana bila viatu tangu siku ile, hata iwe ya godauni.

Siku ya kugawana mbegu nilikwenda, ingawa hakuna aliyeniita. Mjane aliwaambia wenzake, "Fundi amekuja kukagua kazi yake," akaishia hapo. Akatia mkono guniani, akanijazia kiganja ndengu kavu.

"Kapande, uone kama imelowa."

Nilizipanda nyuma ya karakana, kando ya vyuma chakavu. Zilimea zote. Hata kulima naweza.