Vyombo vya Povu

Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Mama Shuka havikunjiki. Vilivunjwa kwa mfuniko wa pipa. Siku ile mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Povu kwa sababu ya bia aliyokuwa akiipika nyumbani, alionja pipa jipya akakuta bia imechacha. Hakuuliza kitu. Alimshika mkewe mkono, akauweka kwenye ukingo wa pipa, akashusha mfuniko kama karani anayegonga muhuri. Kisha akanawa, akaketi kula.

Hakuwa mlevi, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Bia yake aliionja kwa kijiko akatema. Alipiga akiwa na akili zake timamu, na akishamaliza alipiga mswaki akalala.

Mama yake mzazi aliishi nao. Alikuwa mtu mzima, miguu imemvimba, hatembei bila kushika ukuta. Naye alipigwa sana na mumewe enzi zake, kwa hiyo kishindo kilipoanza alijua la kufanya: aliongeza sauti ya redio. Asubuhi alimpaka mkwewe mafuta ya kuchua, macho ameyaelekeza kwingine.

Povu alifungwa kwa kosa jingine kabisa. Fundi cherehani mmoja alitania kwamba bia ya siku hiyo ina ladha ya soksi. Povu akacheka na wenzake, akaendelea kumimina, kisha akampasua kwa chupa usoni. Jicho likaenda. Hakimu akampa miaka minne.

Mwezi mzima Mama Shuka hakuingia kwenye kile chumba cha bia. Akipita mlangoni, vidole vilimuuma. Lakini alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni, ndiyo iliyompa jina, na mabeseni yake hayakutosha. Siku moja alivuta pumzi, akafungua mlango, akaliviringisha lile pipa mpaka uani. Akalisugua kwa majivu mara tatu. Mashuka kumi na mawili yakaingia kwa mkupuo.

Baada ya hapo vyombo vikatoka kimoja kimoja. Mkono wake haukuweza tena kubeba ndoo iliyojaa, basi ule mpira mwembamba wa kuhamishia bia aliuzamisha kwenye tangi, akavuta pumzi mara moja tu, maji yakateremka yenyewe mpaka kwenye beseni.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kutoka kwenye kigoda chake, "huo mpira una akili kuliko aliyeununua."

Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja.

Mfuko wa wavu wa kuchujia nafaka ukawa wa kufulia soksi, zisipotee. Kasia la kukorogea likageuza mashuka yanayochemka kwenye sufuria kubwa. Ndoo yenye koki ikapandishwa juu ya matofali bafuni, mama mkwe akawa anaoga amekaa, anafungua na kufunga mwenyewe, bila kumwita mtu. Na ule mrija wa shaba uliojikunja kama springi, uliokuwa wa kupozea bia, Mama Shuka aliutumbukiza kwenye sufuria ya moto akapitisha maji baridi ndani yake. Upande wa pili yakatoka vuguvugu, ya kukandia miguu ya mkwewe. Hata chupa zilipata kazi. Alitia ndani sabuni ya maji, akazifunga vizibo kwa mashine ileile iliyokuwa ikifunga za bia. Fundi bomba wa nyumba ya jirani alijifungulia moja bila kuuliza, akapiga funda kubwa, akashinda siku nzima anacheua mapovu.

Hakuna aliyewaambia kwamba Povu ametolewa miezi minane kabla ya wakati. Aliingia kwa mlango wa uani kama saa nne asubuhi, kiroba begani. Akasimama akiangalia pipa lake, mpira wake, mrija wake.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

Mama Shuka alikuwa ameshika kasia. "Mpe mama yako shikamoo kwanza," akasema, na mwenyewe akashangaa maneno yametoka wapi.

Povu akashusha kiroba taratibu. Akang'oa kamba ya kuanikia, mashuka safi yakaanguka matopeni, akayakanyaga akija. Kofi la kwanza lilimtoa mkewe damu puani. La pili halikufika, kwa sababu kasia lilimpata gotini, likamrudia sikioni. Aliyumba. Lakini alikuwa na nguvu za mtu aliyevunja mawe miaka mitatu. Alimpokonya kasia, akalitupa ukutani, akamkamata mkewe nywele za kisogoni, akamzamisha kichwa kwenye pipa la sabuni.

Maji yalirukaruka, kisha yakaanza kutulia.

Mama mkwe alinyanyuka kwenye kigoda. Hakuwa na ukuta wa kushika. Alikwenda hatua nne mpaka jikoni pale uani, akachota kopo kwenye sufuria iliyokuwa inatokota, akamwagia mwanawe shingoni.

Povu alitoa sauti ambayo majirani hawakuijua kuwa ya mtu. Aliachia. Mama Shuka alianguka chini anatapika sabuni. Povu akageuka, akamwona aliyemwagia, akakunja ngumi hivyohivyo. Mama mtu akachota la pili, akammwagia kifuani, uso kwa uso.

"Toka, mwanangu," akasema. "Toka kabla sijachota la tatu."

Fundi bomba aliruka ukuta na watu wawili wa mtaani. Walimlaza Povu chini, wakamfunga mikono kwa ule mpira mwembamba, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Polisi walipofika, mama mkwe alisimama mbele ya yule mwenye daftari.

"Maji nimechota mimi. Andika. Mara mbili."

"Bibi, tunaweza kusema ilikuwa ajali."

"Andika nilivyokwambia."

Povu alirudishwa gerezani, akaongezewa miaka sita. Vidonda vyake vikapona. Mama yake alikwenda kumtazama mara moja, akabadilisha magari mawili. Mwanawe alimkazia macho kupitia wavu, akasema maneno machache tu: "Nikitoka, naanza na wewe."

Mama mkwe alirudi nyumbani, akala chakula chake chote, ndipo akamweleza mkwewe. Mama Shuka hakulia wala hakumwambia asiogope. Wiki ileile walihamia upande wa pili wa mji, vyombo vyote juu ya mkokoteni, na hawakumwachia mtu anwani.

Nyumba mpya ilikuwa na vyumba viwili. Mama mkwe alikichungulia cha ndani, akatikisa kichwa.

"Mimi nitalala hiki cha mbele, mlangoni. Akija, anikute mimi kwanza."

Mama Shuka akaburuta vitanda vyote viwili mpaka chumba cha mbele, akavipanga sambamba, akatoka nje kutafuta pa kufunga kamba, maana mashuka arobaini yalikuwa yanaletwa kesho yake.