Funda la Kwanza

Mama Uwamahoro alikuwa mshonaji wa Biryogo, Kigali, mjane mwenye cherehani barazani na ulimi usiozunguka. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori pamoja na mjomba wangu, na ndiyo sababu mwaka 1992 mjomba alinishusha mlangoni kwake na sanduku langu na ubishi wangu wote wa Tanga. Hakukaa hata kunywa maji, mzigo ulimngoja. Nilikuja kusomea ukatibu na Kifaransa. Nyumbani walisema sitamaliza, nitarudi na lori lile lile. Niliapa kwamba lori litarudi bila mimi.

Siku ile ile ya kwanza nikaharibu.

Mama alimimina chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akapiga funda mbele yangu, kisha akaninyooshea kikombe kicho hicho. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hupewa kikombe ambacho hakijaguswa na mdomo wa mtu. Nikajiambia, kumbe huku wageni hunywa mabaki. Nikakiweka chini, nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa ya safari, lakini kiburi kilishinda.

Kesho yake tena: funda, kikombe, nimeshiba. Mama alirudi kwenye cherehani akaikanyaga mpaka uzi ukakatika. Kuanzia hapo jina langu likawa "mgeni", na mgeni wa nyumba ile haruhusiwi kugusa hata ufagio. Nikitoka shule nakaa kitandani kama kifurushi kilichosahauliwa na mwenyewe. Nililia, nisiseme uongo, lakini nililia nikiwa na daftari la Kifaransa mkononi.

Aliyenifungua macho ni Uwineza, binti yake, rika langu. Alinifuata chumbani akaketi.

"Mama iko na huzuni sana," alisema. "Kila siku unakataa kikombe yake. Unafikiri yeye iko murozi?"

"Mlozi? Si anakunywa yeye kwanza ndipo ananipa mimi?"

"Ndiyo. Hapa mwenye nyumba anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Sasa ameonja, na weye bado unakataa. Unamwambia nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwanamke ameonja kwa mdomo wake ili nimwamini, nami namjibu kwa kumwita mchawi asubuhi na jioni. Sikwenda kuomba radhi, maana maneno yangu yalikuwa yamekwisha thamani. Asubuhi yake alipopiga funda na kuninyooshea kikombe bila kunitazama, nilikipokea kwa mikono miwili nikanywa mpaka nikaliona bati. Mama akachungulia ndani ya kikombe.

"Kuja unishikie kitambaa," akasema.

Nikawa mshika kitambaa, mchambua maharage, mwasha mkaa. Nilifurahi kuchafuka mikono. Lakini nyumba ilikuwa ya marehemu, na mdogo wake, Habumugisha, alikuwa na usemi juu yake. Kaskazini kulikuwa na vita, barabarani vizuizi, watu wanaulizwa vitambulisho. Hakutaka msichana wa nchi nyingine alale chini ya paa la kaka yake. Alituma habari kwamba Ijumaa baada ya sala atakuja kulimaliza jambo hilo. Na lori la mjomba lilikuwa njiani.

Alikuja, kanzu imepigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Salamu yangu aliijibu kwa kidevu.

"Huyu mugeni atatoka lini?" alimwuliza Mama, nami nimesimama pale pale.

"Babu yako alikuja hapa kutoka huko kwao huyu musichana, na mizigo ya chumvi," Mama akajibu. "Alipewa fasi ya kurara."

"Ile ilikuwa zamani. Sasa iko vita."

Mama akanigeukia. "Saumu, letea baba yako mudogo chai."

Niliimimina jikoni. Kupeleka kikombe ni kazi ya yeyote, hata mtumishi. Kuonja ni kwa mwenye nyumba. Nikionja naye akanywa, amekubali mimi ni wa pale. Akikiweka chini, kama nilivyokiweka mimi, nifunge sanduku langu.

Nilisimama mbele yake, nikapiga funda akiona, kisha nikampa kikombe kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama Mama afanyavyo. Hakuna aliyenituma kuonja. Uwineza, mlangoni, aliziba mdomo kwa khanga.

Habumugisha alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Niliogopa, lakini sikusogea. Nilikuwa nimekuja kusoma, na ningesimama pale mpaka chai ipoe.

Akanywa. Kidogo kwanza, halafu akamaliza, kwa sababu sukari sikuibania.

Mama alisubiri mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Uliniuliza mugeni," akamwambia. "Namutafuta hapa ndani, simuoni."

Mjomba alipopita na lori nilimkaribisha barazani, nikamwandalia chai ya maziwa. Nikapiga funda, nikampa. Alinitazama juu mpaka chini, akakiweka kikombe sakafuni, akasema ameshiba.