Kufuli la Baba Mdogo Yeremia

Harufu ya kondoo aliyelowa mvua ndiyo kitu cha kwanza ninachokikumbuka duniani, kabla hata ya sura ya bibi yangu aliyenilea. Kondoo wetu walilala ndani pamoja nasi, ng'ambo ya moto, na mmoja alikuwa na kikohozi kama cha mzee wa kanisa. Watu wa nchi za joto hucheka nikiwasimulia hayo. Waje kwetu, kati ya Njombe na Makambako, mwezi wa Julai, umande ukiwa umeganda juu ya majani, ndipo watakapomheshimu kondoo. Basi tuliwaweka ndani kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya chui. Mlango wetu wa mianzi iliyosukwa ulikuwa wa kumzuia huyo chui, maana binadamu hakufungiwa. Ukienda shamba ulilaza ufito mmoja kizingitini, na kila apitaye akajua wenyewe hawapo. Jirani akajua kwamba jicho la kulinda ni lake. Yeye jirani aliruhusiwa kuuruka ufito, akachukua kaa la moto jikoni kwako, akatoka zake. Ndivyo nyumba zilivyolindwa, na wezi walikuwepo, nisiwadanganye.

Baba mdogo Yeremia, kitindamimba wa bibi, alirudi kutoka umanamba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, wakati wa Mwingereza. Alirudi na mablanketi mazito yanayonuka dawa ya nondo, na majembe mapya, vyote vya mahari. Alikuwa ameposa binti wa upande wa Kidugala, na wazee wa binti walishasema mahari isipofika Jumamosi ile, kuna mwingine anayesubiri. Yeremia alimpenda yule binti, hilo tulilijua sote, kwa sababu alikuwa akiimba tenzi za kanisani huku akiosha miguu, na sauti hana. Sasa huko umanamba, katika kambi wanakolala watu wa makabila yote, aliibiwa mara nyingi mno. Kwa hiyo alikuja pia na kufuli. Akang'oa mlango wa mianzi, akamleta fundi akamtengenezea wa mbao, akalining'iniza lile dude la chuma linalong'aa. Mimi nililipenda. Nililigusa asubuhi, lilikuwa baridi kuliko maji ya mtoni.

Watu walikuja kulitazama. Mama Tabita, jirani yetu wa nyuma ya nyumba, alizunguka mlango kama anayenunua ng'ombe.

"Yeremia mwanangu, kamwene. Hivi sisi tulikuibia nini?"

"Kamwene, mama. Si ninyi. Ni wapita njia."

"Wapita njia hawaji kuomba moto hapa. Anayekuja ni mimi."

Bibi akamwambia mwanawe polepole, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Yeye akajibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Basi yakaisha, au tulidhani yameisha. Siku chache baadaye moto wa Mama Tabita ulizimika sisi tukiwa shamba. Alikuja na kigae chake cha kubebea makaa, akakuta kufuli, akarudi. Wajukuu wake walishinda kwa viazi vibichi. Sisi Wabena tukikasirika sana hunyamaza, na mgeni hudhani mambo ni shwari.

Siku tatu kabla ya kupeleka mahari, baba mdogo alikwenda mnadani Makambako kununua jembe lililokuwa limepungua. Mimi na bibi tulikwenda kuvuna njegere. Tuliporudi jua likiwa bado juu, tulimkuta naye ndio anafika, jembe begani. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri kabisa. Akatoa ufunguo, akafungua, akasimama. Ndani kulikuwa na mwanga mwingi kuliko kawaida. Ukuta wa nyuma, ule wa fito na udongo, ulikuwa na tundu la kupita ndama. Mablanketi hayakuwepo, majembe hayakuwepo. Kondoo wawili walikuwa wamekwisha kutokea tunduni, wanakula mboga za bibi.

Mama Tabita alikuwa barazani kwake, anapukuchua mahindi. Baba mdogo akamfuata.

"Mama, hukusikia kitu?"

"Nilisikia. Du, du, du. Nikasema, Yeremia anaongeza dirisha."

"Hukuja kuchungulia?"

"Nichungulie nyumba yenye kufuli, baba? Ningeulizwa nimefuata nini."

Mwanangu siku hizi ana nyumba Makambako mjini, yenye geti, nondo madirishani, vipande vya chupa juu ya ukuta, na mbwa anayenibwekea hata mimi. Nilimuuliza jina la jirani yake, akasema anamjua kwa gari. Simlaumu, mji ni mji, na ufito kizingitini pale watu wangeuchukua kuwa kuni. Lakini nimeacha njia. Nilikuwa nasema kwamba jioni ile wazee wa kijiji walikuja kwetu. Walikaa, wakakohoa, wakatoa shauri lao: kila nyumba itatoa jembe moja, mablanketi mengine yatatafutwa, na mahari itafika Jumamosi kama ilivyoahidiwa. Wao walitaka jambo moja tu, Yeremia amwombe Mama Tabita radhi mbele yao. Mama Tabita mwenyewe alikuwa amekuja na jembe lake, ameliweka miguuni.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nashukuru, wazee wangu." Akavaa koti lake, akainama mlangoni, akatoka. Tulidhani amekwenda kujisaidia. Wazee wakaendelea kuzungumza habari za mvua. Bibi akamwekea ugali wake, akaufunika. Mimi nilichungulia tunduni, nikamwona ameshika njia ya Makambako, yanakopita malori ya manamba, anatembea mwendo wake wa kawaida, wala hakugeuka. Hatukumwona tena.