Karatasi Nyuma ya Vali

Saa moja asubuhi, ukungu wa Mto Loire, Ufaransa, umepanda hadi kwenye minara ya kupozea maji, na mtu hajui tena kipi ni mvuke na kipi ni wingu. Ndani ya jengo la pampu, Maëlle Guérineau anaweka kiganja juu ya bomba na kufumba macho, kama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala.

"Pampu imeamka vizuri leo," ananong'ona.

Maëlle, miaka 34, ni mfanyakazi wa doria katika kituo cha umeme wa nyuklia. Kila zamu hutembea kilomita tisa akisoma geji, vile vipimo vya presha, na kugusa vali zinazofungua na kufunga mabomba. Wiki hii hatembei peke yake. Wamekuja wataalamu kumi na wawili kutoka vituo vya nchi nyingine. Kwa wiki tatu, hii ikiwa ya mwisho, wanasoma miongozo, wanahoji watu na kuwafuata kazini, waone kama yanayotendwa ndiyo yaliyoandikwa.

Anayemfuata yeye ni Zuzana Hrivnáková kutoka Slovakia, mwenye mvi na miwani yenye kamba shingoni.

"Usinijali, mwanangu. Mimi kivuli tu."

"Kivuli chenye kalamu!" anatania Fabien, mwenzake wa zamu.

Kivuli kinainama nyuma ya vali. Kuna karatasi imebandikwa, mwandiko wa mkono: *Fungua robo. Subiri iache kunguruma. Endelea.*

"Nani kaandika?"

Ni marufuku kubandika maandishi yasiyoidhinishwa. Na Jumatatu Maëlle anatakiwa kuanza mafunzo ya chumba cha udhibiti, nafasi aliyoingoja miaka sita.

Fabien anatazama viatu vyake.

"Mimi, mama," anasema Maëlle. "Mwongozo unasema 'fungua' tu. Ukifungua kwa mkupuo, bomba linatetemeka lote."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliogopa kuchekwa."

Zuzana anavua miwani. "Mimi karatasi yangu niliificha ndani ya kofia, miaka mitano. Nikaugua. Zamu yangu akaishika mtu asiyeijua kofia yangu."

Hasemi kilichotokea.

Ijumaa, ripoti ya wataalamu inataja karatasi hiyo kama kasoro, bila jina la mtu. Mkuu wa zamu anamwita Maëlle.

"Jumatatu usichelewe darasani. Ila kwanza niandikie maneno yako kwenye mwongozo, kwa mwandiko unaosomeka!"

Nyuma ya vali, karatasi ilipobanduliwa, kumebaki alama ya mraba, rangi yake bado mpya. Maëlle huigusa akipita.

"Siku moja nitatumwa kwenye timu kama ile ya wataalamu," anamwambia Fabien. "Nitafika kituo cha watu, niiname nyuma ya vali zao. Nikikuta karatasi, nitaanza kwa kuwasimulia ya kwangu."